Usiukimbilie mwaka wa Kanisa, tembea na wenzako

Watu wengi wakisikia habari ya kuishi kwa kufuata mwaka wa Kanisa, ule mzunguko wa vipindi na sikukuu za ibada, wanafikiria vitu, yaani shada la Majilio (zile wiki za kusubiri Krismasi), kalenda ya kubandika ukutani, vitambaa vya rangi, apu ya sala kwenye simu, na ikifika Jumapili ya tatu ya Kwaresima vyote vimelala. Mimi nina miaka sasa naufuata na ushauri wangu ni mmoja tu, mengine yote yanatoka humo: anza na watu. Huu mwaka haukutungwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye bidii zake chumbani. Na ule mshangao tunaoutafuta wote, ile mwili unasisimka na wewe umesimama tu hujafanya chochote, mi nimekutana nao zaidi nikiwa katikati ya watu, tena wengine siwajui hata majina.

Kuna mwanamke wa zamani sana anaitwa Egeria, alisafiri hadi Yerusalemu miaka ya 380 huko, akawaandikia akina dada wenzake waliobaki nyumbani kila alichokiona kanisani. Jumapili ya Matawi anasema watu wote walishuka jioni kutoka Mlima wa Mizeituni pamoja na askofu, watoto wameshika matawi ya mitende na ya mizeituni, hata wale wadogo wasioweza kutembea walibebwa mabegani na wazazi wao. Halafu anatupia kitu kidogo ambacho mi huwa sikiachi, kwamba walitembea pole pole sana ili watu wasichoke, wakafika kanisani jioni imeshaingia. Hebu fikiria, ibada ya mji mzima inakwenda kwa mwendo wa vizee na watoto. Kwa hiyo ukiona usharika wako au parokia yako inakwenda taratibu mno, wewe umeshasoma vitabu vitatu kuhusu Kwaresima na wenzako bado wanauliza Jumatano ya Majivu ni lini, tulia tu, watajie tarehe halafu mwende wote.

Sasa uanzie wapi. Kalenda itakwambia Majilio, kwa sababu ndipo mwaka unapofunguliwa. Mi nakwambia anza na Mkesha wa Pasaka, ibada ya usiku wa kuamkia Jumapili ya Pasaka, kama hujawahi kwenda basi mwaka huo usipange kitu kingine Jumamosi ile usiku. Wakatoliki wanao, Waanglikana wanao, Walutheri wengi wanao, Waorthodoksi nao wana wao na mara nyingi tarehe yao ni tofauti kwa sababu wanaipiga hesabu kwa kalenda ya zamani ya Juliasi. Kama kanisa lako halina, nenda kwa majirani, hakuna atakayekuuliza kitambulisho mlangoni.

Mnasimama nje gizani. Moto unawashwa, na kuna wakati unagoma kuwaka na wote mnamwangalia yule kijana mwenye kiberiti. Padre anachora kwenye mshumaa mkubwa msalaba, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu 4 za mwaka huo mlio nao, sio mwaka wa zamani wala mwaka wa milele, huu huu wenye madeni yako na ugonjwa wa mama yako. Unawashwa, mnaufuata ndani ambako taa zote zimezimwa, wanaimba "Mwanga wa Kristo" mara 3 na nyie mnajibu "Tumshukuru Mungu". Halafu moto unaanza kupokezanwa kwenye mishumaa midogo. Angalia mikono ya watu hapo. Anayepokea ndiye anayeinamisha mshumaa wake uliozima, mwenye moto anaushika wima asidondoshee nta, na kuna mtu wa pembeni yako, hujawahi kusema naye neno, anauzungushia mwali kiganja ili upepo wa feni usiuzime kabla haujakufikia. Ndani ya dakika chache kanisa zima linaonekana na hakuna aliyegusa swichi. Mi sijui namna ya kukaa pale na usishangae.

Baada ya hapo ndio Mbiu ya Pasaka, wimbo mrefu wa kuutangaza usiku huo, na masomo, na masomo ni mengi, yakisomwa yote ni 9, kuanzia uumbaji, Ibrahimu na Isaka, Waisraeli wanavuka bahari, mpaka kaburi tupu. Watoto watalala. Waache walale, wataamshwa na kengele, maana kengele zilinyamaza tangu Alhamisi Kuu na sasa zinapigwa zote kwa pamoja kwenye wimbo wa Utukufu.

Na Aleluya nayo inarudi. Kwa wale ambao makanisa yao yanafuata desturi hii, neno hilo halijaimbwa tangu Jumatano ya Majivu, wiki 6 na ushee, hata kwa bahati mbaya. Likirudi sauti zinakuwa kama zimeota kutu kidogo halafu zinafunguka. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba mshangao mwingi wa mwaka huu unatengenezwa na kunyimwa. Unakinyima kitu nafasi yake kwa muda, mnakinyima wote, halafu mnarudishiwa wote saa ile ile. Ukiisikiliza Aleluya kwenye simu kila siku Kwaresima nzima, Mkesha utakuwa ibada ndefu tu.

Ndio maana kwenye kufunga ushauri wangu unatofautiana kidogo na ule uliozoeleka. Kila mtu anachagua chake kimoyomoyo, huyu ameacha soda, yule ameacha mitandao, hakuna anayejua ya mwenzake, na wiki ya pili hakuna wa kukuuliza umefikia wapi. Chagueni kitu kimoja mkifanye pamoja, familia, au marafiki wanne, au wapangaji wa nyumba moja, kiwe kidogo kabisa, mfano hakuna simu mezani jioni, au Ijumaa mnakutana kwa Njia ya Msalaba halafu mnaagana bila stori ndefu. Najua kuna mtu atanitolea Mathayo 6 kuhusu kufunga kwa siri. Pale Yesu anakataza maonyesho. Watu wa Ninawi walifunga mji mzima mpaka mifugo na Mungu hakuwalaumu kwa kujulikana.

Na kwa wale wanaouliza kila mwaka, ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu unapata siku 46, zile Jumapili 6 hazihesabiwi kwenye mfungo, ndipo zinabaki 40. Majivu yenyewe kwa kawaida yanatoka kwenye matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita yaliyochomwa, kwa hiyo kazi rahisi kabisa ya kujenga jumuiya ni kuwakumbusha majirani, wiki moja kabla, wayatoe matawi yao yaliyokauka nyuma ya mlango au ya picha ukutani, na kama wana miguu mibovu uyapitie wewe uyapeleke. Utakaa kwenye nyumba ya mtu dakika kumi kwa sababu ya tawi kavu, na utaondoka unajua habari zake.

Kinachonisikitisha kwa kweli ni Pasaka. Kufunga tunaweza, kusherehekea hatuwezi. Kanisa limetoa siku 40 za kujinyima na siku 50 za furaha, yaani furaha ni ndefu kuliko mfungo, lakini Jumatatu ya Pasaka jioni watu wameshamaliza, kama wageni wa harusi wanaoaga kabla maharusi hawajakaa. Mi nashauri mzigeuze hizo siku 50 ziwe za kutembeleana. Kila wiki mtu mmoja au nyumba moja, hasa wale ambao Mkesha uliwapita kwa sababu ya uzee, kazi za usiku, mtoto mchanga. Nendeni na wimbo mmoja wa Pasaka mnaoujua vizuri, msiende na hotuba. Halafu zile siku 9 kati ya Kupaa kwa Yesu na Pentekoste, siku ya kushuka Roho Mtakatifu, ambazo ndizo mfano wa novena zote, yaani sala za siku tisa, msizipoteze. Matendo ya Mitume sura ya 1 inasema waliokusanyika walikuwa kama watu 120, wakidumu katika sala, pamoja na wanawake na Mariamu na ndugu zake Yesu. Hakuna aliyepewa ndimi za moto akiwa amejifungia kwake.

Kisha inakuja kijani, rangi ya vitambaa vya kanisani kipindi cha kawaida, miezi na miezi ya kijani. Kipindi cha kawaida, ukijumlisha na zile wiki za kabla ya Kwaresima, kinakula wiki 33 au 34 za mwaka na hakuna anayekiandikia chochote. Mimi nakipenda. Hakuna sherehe ya kukusukuma, kwa hiyo mnaobaki mnaokutana ni wale mnaotaka kukutana. Tulichofanya sisi, na kimedumu kuliko mipango yote mikubwa, ni kusoma Injili ya Jumapili Jumamosi jioni, kwa sauti, mara mbili, halafu kila mtu anasema kitu kimoja kilichomkwaza au kumshangaza, basi, bila mwalimu. Masomo ya Jumapili yanazunguka miaka mitatu, A, B na C, na ukitaka kujua mpo mwaka gani kuna ujanja, gawa mwaka kwa 3, ukigawanyika bila baki ni Mwaka C, Injili ya Luka inatawala. 2025 ulikuwa C, 2026 ni A wa Mathayo, 2027 ni B wa Marko. Kumbuka tu mwaka wenyewe unaanza Majilio ya kabla yake. Na kuna jambo zuri watu hawalijui, ule utaratibu wa masomo wa Wakatoliki wa 1969 ndio uliofuatwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti kutengeneza wa kwao wa 1992, kwa hiyo mfanyakazi mwenzako wa kanisa lingine Jumatatu asubuhi kuna uwezekano mkubwa alihubiriwa Injili ile ile uliyohubiriwa wewe. Muulize. Sijapata njia nyepesi kuliko hiyo ya kuanza mazungumzo ya imani na mtu bila ubishi.

Novemba nenda nayo taratibu. Tarehe 1 Watakatifu Wote, tarehe 2 Marehemu Wote, na usidhani kila aliyefiwa anataka kuambiwa "yupo mahali pazuri". Tuna kawaida kwenye kikundi chetu kila mtu analeta majina kwenye karatasi, yanasomwa, hakuna maelezo. Kuna mzee mmoja alikuwa analeta jina moja tu kila mwaka, la mtoto ambaye wengi wetu hatukuwahi kusikia kwamba alikuwepo. Msomaji alilisoma kama mengine, akaenda kwenye jina linalofuata. Mwaka uliofuata mzee aliwahi kuliko wote akapanga viti.

Majilio nimeyaacha mwisho makusudi, kwa sababu ndipo watu wanapohangaika sana. Yanaanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kwa hiyo urefu wake unabadilika, siku 22 hadi 28. Lile shada la mishumaa halina uzee wa mitume, anatajwa mchungaji mmoja wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, kule Hamburg mwaka 1839, alikuwa analea watoto maskini na walikuwa wanamsumbua kila siku Krismasi lini, Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za kawaida wawe wanahesabu wenyewe. Mi hiyo stori naipenda kwa sababu ni jibu kwa kero ya watoto, sio pambo. Kwa hiyo kama una mishumaa lakini hakuna anayekuuliza bado siku ngapi, mwite mtoto wa jirani awe ndiye mwashaji.

Usigombane na wanaoanza nyimbo za Krismasi mwezi wa 11. Hutawashinda na utaonekana una kiburi. Nenda kwenye sherehe yao, imba, rudi nyumbani uendelee kusubiri. Wewe pigania upande wa pili, kwamba Krismasi inaanza tarehe 25 na ina siku 12 mpaka mkesha wa Epifania, na siku hizo karibu zote ziko wazi kabisa maana wengine wameshachoka na wamerudi kazini. Mkaribishe mtu tarehe 28 au 29, au tarehe 6 Januari yenyewe, siku ya Mamajusi ambao hata hivyo walichelewa. Na kama hujui umwite nani, muulize katekista au mzee wa kanisa ni nani amekaa sikukuu peke yake. Huwa wanajua, tena kwa majina, ila hawaulizwi.