Kabla hujaondoka dirishani, soma cheti chako

Nilitaka jina na jinsia vibadilishwe kwenye hati zangu. Siku niliyokabidhiwa cheti kipya cha uraia, niliona jina langu jipya, machozi yakanilenga, nikashukuru na kuondoka. Nilipokitoa kwenye bahasha nyumbani ndipo nilipoona kwamba jina ni jipya, lakini mstari wa jinsia una herufi ile ile ya zamani. Kumbe kubadili jina na kubadili jinsia yalikuwa maombi mawili, nami nilijaza fomu moja. Nilikuwa nimesubiri miezi mitano, nikaanza tena upya.

Kwa hiyo uliza mapema kama ofisi yako inayashughulikia kwa pamoja. Masharti yanatofautiana sana. Argentina tangu 2012, na Malta tangu 2015, mtu hutamka mwenyewe jinsia yake bila kudaiwa upasuaji. Kwingine wanataka barua ya daktari au amri ya mahakama, na kwingine mlango huo haupo kabisa, jambo linaloniuma kila nikiandikiwa na mtu aliyekwama huko.

Mimi nilizaliwa nchi moja, uraia nikaupata nyingine, na nilipoteza karibu mwaka nikiamini cheti cha uraia hakiguswi mpaka cha kuzaliwa kibadilike. Msajili wa vizazi kule nilikozaliwa alinikataa mara mbili. Waliotoa uraia wana daftari lao, na walipoona amri ya mahakama iliyonibadilisha jina hawakuniuliza cheti kingine. Iendee kila ofisi na umuulize anayehusika, wala usikubali jibu la moja liwe jibu la zote.

Hiyo amri ndiyo uti wa mgongo wa safari nzima, kwa sababu ndiyo karatasi yenye jina la zamani na jipya pamoja. Bila hiyo, machoni pa karani wewe ni watu wawili. Siku ile ile unapoipata, omba nakala kadhaa zilizothibitishwa kwa muhuri. Mimi nilichukua tatu, na ofisi mbili hazikunirudishia zao.

Ikiwa amri hiyo itatumika nchi nyingine, huenda ikahitaji apostili, ule uthibitisho wa sahihi na muhuri wa hati chini ya Mkataba wa Hague wa 1961 wenye vipengele 10 na kichwa cha Kifaransa. Nchi zisizo kwenye mkataba hupitisha hati wizara ya mambo ya nje na ubalozini. Kabla ya kumlipa mtafsiri, uliza kama apostili nayo itafsiriwe. Mimi nilitafsiri kwanza, nikalipa mara mbili.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, fahamu kwamba katika nchi nyingi maandishi ya awali hayafutwi, bali huongezwa maelezo pembeni. Uliza nani anaweza kuyaona, na kama kuna cheti kifupi kisichoonyesha maelezo hayo. Kwangu swali hilo lilikuwa la usalama hasa. Na ukisafiri kabla hati zote hazijabadilika, tiketi ikatwe kwa jina lililo kwenye pasipoti mkononi mwako siku hiyo, si lile unalolitarajia.

Mara ya pili nilipoitwa kuchukua cheti, sikukitia kwenye bahasha. Nilikilaza pale pale dirishani nikapitisha kidole herufi kwa herufi: jina, tarehe, mahali, jinsia. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Karani akanisubiri mpaka nikamaliza.