Re: Mtoto amenyamaza tangu msiba, nimchezeshe nini?

Pole dada. Umeuliza umchezeshe nini mpwa wako wa miaka 6, na bibi naye ashiriki vipi. Mimi nasema usimchezeshe, mfuate. Virginia Axline, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetibu watoto kwa michezo, alishikilia hilo tangu miaka ya 1940: mtoto ndiye anayeongoza mchezo. Tandika mkeka, weka udongo wa mfinyanzi, vizibo vya soda na mwanasesere wa matambara, halafu kaa chini. Akimfukia mwanasesere usiulize kwa nini, sema tu, "Umemfunika." Bibi acheze mdako pembeni, asimwite. Wangu alivunja ukimya kwa kumcheka bibi yake alivyokosa kudaka kijiwe! Ila kama halali usingizi wala hali chakula, mpeleke kwa mtaalamu mapema.