Wadogo zangu, umwinyi hauigizwi kwa kufoka

Kila tukiitisha usaili wa uhusika wa mzee tajiri, gavana au baba mkwe wa kishua, naletewa mtu yuleyule katika miili tofauti. Kifua mbele, pua imebanwa, vidole vinapigwa kumwita dada wa kazi, kisha kelele. Nawapenda, lakini mnanichosha. Mwalimu wenu wa kazi hii alishakufa zamani na filamu zake zipo: C. Aubrey Smith, Mwingereza aliyekula mkate wa umwinyi mpaka uzeeni bila kuzaliwa mwinyi. Hizi hapa hoja zangu, zisomeni kabla hamjanipigia simu kuuliza kwa nini hamkupita.

1. Alikuwa mtoto wa daktari. Anzeni hapo, kwa sababu wengi mnadhani ili umcheze lodi, yaani mwinyi wa Kiingereza, lazima uwe na lodi ukoo mzima. Alizaliwa London mwaka 1863, akasoma Cambridge, akawa mchezaji wa kriketi wa Sussex na nahodha wake. Mwaka 1889 aliiongoza Uingereza pale Port Elizabeth, Afrika Kusini, katika mechi yake pekee ya kimataifa, akawatoa wapigaji watano kwa mikimbio 19. Akabaki Johannesburg kutafuta pesa enzi za homa ya dhahabu, akaugua nimonia, madaktari wakasema amekufa. Hakufa. Alirudi kwao akaingia jukwaani. Ukimwona amesimama katika filamu na urefu wake ule, nyusi kama vichaka, hafanyi lolote na bado watu wote chumbani wanaonekana wako chini yake, ujue hilo ni zoea la nahodha. Ameshapanga watu uwanjani na hana haja ya kumthibitishia mtu cheo chake.

2. Usikitazame kiti. Hapa nitakawia kidogo, mnivumilie, maana hili nalijua kwa aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa kijana nilipopewa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, katika mchezo wa jukwaani kuhusu kodi ya kichwa. Kofia ngumu nyeupe, soksi mpaka magotini, masharubu ya gundi. Nilikuwa nimejifua kwa kufoka tu. Nyumbani wakwe walidhani nagombana na mke wangu. Usiku wa kwanza ukumbi umejaa, naingia, nafoka vizuri, wazee wa kijiji wanatetemeka kama walivyoelekezwa. Halafu inafika sini ya kukaa. Tarishi wangu, mwigizaji mwenye mistari miwili tu mchezo mzima, kazi yake kubwa ilikuwa kunisogezea kiti. Mimi nikakatiza tishio katikati, nikageuka, nikakivuta kiti mwenyewe, nikakifuta vumbi kwa kiganja, nikakaa. Tarishi akabaki mikono mbele, ameshika hewa. Watu wa safu ya mbele wakaanza kucheka. Nikapaniki, nikafoka zaidi. Akaniletea chai. Nikaipokea kwa mikono miwili na kumwambia, "Asante, ndugu yangu."

Ukumbi ulianguka. Bwana Shauri mwenye adabu za bibi yangu! Kuanzia hapo kila nilipotaja viboko walicheka, na mchezo ule haukuwa wa kuchekesha.

Mwongozaji hakunigombeza. Aliniuliza tu nyuma ya pazia: "Nyumbani kwako kiti huwa anavuta nani?" Nikamjibu kuwa ni mimi mwenyewe. "Ndiyo," akasema, "tumeona."

Yule tarishi hakunisemesha hadi msimu ukaisha, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimemwibia tendo lake pekee. Mtu aliyekulia kwenye watumishi hahakikishi kama kiti kipo. Hajawahi kukaa kikakosekana. Kumtazama mtumishi kila anapoleta kitu ni adabu yetu sisi, nayo ndiyo inayotuumbua mbele ya kamera. Ukubwa wako unatengenezwa na yule anayekuletea chai. Basi mwache aulete. Hollywood ya miaka ya 1930 ililijua hilo, ndiyo maana Arthur Treacher alipata kazi tele za kucheza mtumishi mkuu wa nyumba. Lodi bila mtumishi ni mzee aliyevaa koti tu.

3. Ukiitiwa uhusika wa mtumishi, nenda. Mwaka 1933 Smith alimcheza Aage, mtumishi mzee wa malkia, mbele ya Greta Garbo katika Queen Christina. Mwaka uliofuata alikuwa Duke wa Wellington, mwinyi na jenerali mkubwa wa Uingereza, katika The House of Rothschild. Ninyi mkiambiwa mcheze mlinzi wa geti mnasema mnashushwa hadhi.

4. Sauti itoke tumboni, siyo puani.

5. Jeuri yako iwe na ufa. Katika Little Lord Fauntleroy ya 1936 yeye ni Earl wa Dorincourt, mzee mkali mwenye roho iliyokauka, na anayemlainisha ni mjukuu, Freddie Bartholomew. Ukiingia tayari umelainika, mtoto hana kazi ya kufanya. Ukiingia jiwe tupu, hakuna atakayekuamini ukibadilika. Lakini darasa ninalolipenda ni The Four Feathers ya 1939, ya Alexander Korda, ambayo sehemu yake ilipigwa Sudani. Smith ni Jenerali Burroughs, mzee anayesimulia vita vya Balaclava, vya Waingereza na Warusi mwaka 1854, kila chakula kikiisha. Anapanga kokwa na matunda mezani kuwa majeshi, anachora mstari wa askari kwa mvinyo. Mkono haukosei mahali hata mara moja, kwa sababu huyu jenerali amekipanga kisa hicho miaka nenda rudi. Watazame wanaomsikiliza: wanakijua kwa moyo na hawathubutu kusema. Mwishoni anapata wa kumsahihisha, kwamba shambulio lile tukufu lilianza kwa sababu farasi wake alitimka tu. Umwinyi wote unabomoka, na hajafoka wala hajapiga vidole. Mlioshika skripti ya baba mkwe, tafuteni farasi wenu yuko wapi.

6. Suti ivaeni nyumbani mpaka iache kuwashangaza.

7. Msilie kwamba mmekwama kwenye uhusika wa aina moja. Mwaka 1896 Smith alimcheza Black Michael, mwovu wa The Prisoner of Zenda, jukwaani London. Mwaka 1937 filamu ya kisa hichohicho ilipopigwa Hollywood, alirudi akiwa Kanali Zapt, mzee wa busara. Inasimuliwa kwamba Raymond Massey, aliyepewa Black Michael, alimwendea kuomba ushauri, na mzee akamjibu kuwa yeye amecheza karibu kila mtu katika kisa kile isipokuwa binti mfalme, na huyo Black Michael hakuwahi kumwelewa. Huo ndio msaada mtakaoupata hata kwangu.

Nje ya seti napo alikuwa vilevile. Mwaka 1932 alianzisha klabu ya kriketi ya Hollywood, akawaandama Waingereza wote waliokuja kutafuta kazi, akina David Niven na Boris Karloff, waje mazoezini. Kuna kisa kwamba siku moja alidondosha mpira rahisi kudaka, akasimamisha mchezo, akaagiza mtumishi wake amletee miwani. Ikaletwa juu ya sinia. Mpira ukaja tena, akaudondosha tena, akamlaani mtumishi kwa kuleta miwani ya kusomea. Sijui mnaona? Hata hapo hakukitazama kiti.

8. Kuhusu umri. Filamu za kimya alianza mwaka 1915 na hazikumpa jina. Mwaka 1920 alishiriki kuanzisha kampuni ya filamu London pamoja na Leslie Howard, nayo haikwenda mbali. Filamu zilipopata sauti ndipo Hollywood ikahitaji watu waliozoeshwa kutamka jukwaani, naye akaanza maisha yake makubwa huko akiwa na miaka 67. Alifanya kazi mpaka alipokufa mwaka 1948, safari hii nimonia ikiwa haikukosea, na filamu yake ya mwisho ikatoka mwaka uliofuata. Kwa hiyo wewe wa miaka 24 uliyeniandikia jana usiku kwamba tasnia imekusahau, usaili ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Njoo na picha mbili, na ukifika kaa kwenye foleni na wenzako.