Milioni moja na moja ilivyoniumbua

Jioni moja binti yangu alinijia na daftari. "Baba, 1,000,001 ni namba tasa?" Nikavuta kiti kwa madaha ya mtu aliyekuwa akisifiwa hesabu zamani hizo.

Inaishia na 1, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 2, basi na 3 nje. Kwa 7, 11 na 13 nina njia ninayoipenda: ikate namba tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu. Hapa unapata 1 − 0 + 1 = 2, na 2 haigawanyiki kwa hata moja kati ya hizo. Zote tatu zimetoka kwa mkupuo. (Siri ni 1,001, yaani 7 × 11 × 13. Ndiyo maana 720,720 hugawanyika kwa zote: ni 720 mara 1,001, basi.)

Nikaanza kugawanya kwa mkono: 17, 19, 23... Nilipofika 97 nilikuwa nimemaliza namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100. Umeme ulishakatika, vidole vinauma. "Andika tasa," nikamwambia.

Kesho yake daftari likarudi na alama ya kosa, pembeni kwa wino mwekundu: 101 × 9,901. Namba tasa inayofuata baada ya 97 ni 101. Hatua moja tu, jamani!

Niliacha mapema, hilo nakubali. Ukitaka kuapa kwamba namba ni tasa, zijaribu namba tasa zote hadi kwenye kipeuo chake cha pili. Kwa namba ile ni 1,000 na ushei kidogo, na chini ya 1,000 ziko 168. Nani ana jioni hiyo?

Linaloniuma zaidi ni kwamba sikuitazama namba yenyewe. 1,000,001 ni 100 × 100 × 100, ukaongeza 1. Sasa chukua 2: 2 × 2 × 2 ni 8, ongeza 1 upate 9, inagawanyika kwa 3. Chukua 10: unapata 1,001, inagawanyika kwa 11. Ukianza na 100, 101 inakusubiri mlangoni. Kwa hiyo kabla hujashika kalamu, jiulize namba imejengwaje: ina sifuri nyingi katikati? Tarakimu zinajirudia? Iko jirani na namba gani nzuri?

Juzi nikampa 10,001, nikidhani nimemfundisha. Akaikodolea macho kitambo. "Hii ni 10 × 10 × 10 × 10, ukaongeza 1. Kumi ziko nne, Baba, siyo tatu. Njia yako haiingii." Akageuza ukurasa, akaanza kugawanya moja moja. Chai yake ilishapoa alipofika 73, akaandika 137 pembeni.