Karakana ya Uani: Anza na Sakafu, Mashine Itafuata

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, kijana ambaye kwa maelezo yake ana banda tupu nyuma ya nyumba, ana akiba aliyoidunduliza kwa muda mrefu, na ana hamu kubwa ya kuanza kukereza vyuma vyake mwenyewe, yaani kuvichonga kwa kisu huku mashine ikivizungusha. Swali lake lilikuwa la mstari mmoja: "Kaka, ninunue mashine gani kwanza?" Nilikaa na ujumbe huo siku tatu bila kuujibu. Sikumdharau. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, karibu kwa maneno yaleyale, na majibu niliyopewa na watu niliowaheshimu yalinipotezea miaka miwili. Kila mmoja alinitajia mashine, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza sakafu ya banda langu ikoje.

Mashine yangu ya kukereza niliinunua kabla hata sijalifagia banda. Ilikuwa kuukuu, uzito wake ukikaribia kilo 450, yenye uwezo wa kushika chuma cha urefu wa milimita 750. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikanguruma kwa utulivu, rangi yake ya kijani iking'aa, nami nikaridhika nikalipa. Sikujua kwamba mashine ya namna hii haichakai sawasawa. Kazi nyingi za kukereza ni fupi, kwa hiyo kigari kinachobeba kisu huenda na kurudi palepale karibu na kichwa cha mashine, upande unaozungusha chuma, miaka nenda miaka rudi, na reli za mahali hapo huliwa, ilhali reli za mkiani, mwisho wa pili wa mashine, hubaki karibu kama zilivyotoka kiwandani. Kuligundua hilo hakuhitaji kifaa chochote cha kupimia. Sukuma kigari hadi karibu na taya zinazoshika chuma, kaza skrubu zake za kurekebishia mpaka usikie ugumu kidogo unapozungusha gurudumu la mkono, kisha kiendeshe taratibu kuelekea mkiani. Kikienda kwa ulaini uleule hadi mwisho, reli ni nzima. Kikikwama njiani, umekwisha kuambiwa ukweli ambao rangi mpya ilikuwa ikiuficha.

Cha kwangu kilikwama nusu ya njia, nami nilikipima miezi minne baada ya kulipa. Bado naumia ninapoandika haya, kwa sababu naamini muuzaji alijua. Rangi ile ilikuwa imepakwa mpaka juu ya matundu ya kutilia mafuta, na mtu anayeijali mashine yake hazibi matundu ya mafuta kwa rangi. Ukienda kununua, anza kuyatazama matundu hayo kabla ya kitu kingine chochote.

Habari ya kuiingiza bandani nitaipita haraka: vipande vya mabomba chini, mtaimbo nyuma, watu wanne, asubuhi nzima. Ninachotaka ukishike ni kwamba uzito wa mashine hii uko juu, tena umeelemea upande wa kichwa, hivyo huanguka kwa urahisi kuliko jicho linavyodhani. Ifungwe kwenye mbao pana kabla ya kusogezwa, na mtu yeyote asisimame upande ambao inaweza kulalia.

Sasa nifike kwenye sakafu, maana hapo ndipo nilipopotelea. Banda lilikuwa na saruji ya unene wa vidole viwili iliyomwagwa moja kwa moja juu ya udongo. Kwa macho ilikuwa safi na tambarare, lakini mwezi haukuisha kabla ya mguu mmoja wa nyuma, upande wa mkiani, kuanza kudidimia. Chuma cha kutupwa huonekana kigumu kuliko vitu vyote, na bado kitanda kirefu cha mashine, kile chenye reli, hujipinda kama ubao kikikalishwa kwenye miguu isiyo sawa. Kinajipinda kwa kiasi kidogo mno, ambacho hukioni wala hukisikii, ila kazi yako inakisikia. Shafti niliyoikereza kwa urefu wa milimita 150 ilitoka nene upande mmoja kwa milimita 0.08, kiasi kwamba beringi iliingia kwa nyundo upande huu na kucheza upande ule. Nikalaumu kisu, nikanunua kingine. Nikalaumu chuma. Nikafungua beringi za kichwa cha mashine, ambazo hazikuwa na kosa lolote, nikazirudisha zikiwa na hali mbaya kuliko nilivyozikuta. Fundi mmoja aliyenitangulia sana katika kazi hii aliishika shafti yangu mbele ya watu, akaigeuzageuza, akasema kwamba mikono yangu haikuumbiwa chuma. Nilirudi nyumbani nikalifunga banda, na kwa miezi mitano sikulifungua.

Siku nilipolifungua, reli zilikuwa zimevaa kutu ya rangi ya chungwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilidhani paa linavuja. Nilipanda juu, nikakagua kila msumari, sikuona tundu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba banda halihitaji kuvuja ili chuma kilowe. Mzigo mkubwa wa chuma hupoa usiku na huchelewa kupata joto asubuhi. Hewa yenye joto na unyevu inapoingia na kugusa chuma hicho kilicho baridi, mvuke uliomo hugeuka maji juu yake, vilevile kama glasi ya maji baridi inavyotoa jasho mezani. Mimi, kwa kutaka kulikausha banda, nikawasha humo hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba la kutolea moshi. Kutu ikaongezeka. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban lita nzima ya maji katika hali ya mvuke, kwa hiyo kila jioni nilikuwa nikimwagia mashine yangu maji kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikiamini kwamba ninaikausha. Hita ya namna hiyo hula pia hewa ya chumba kilichofungwa, na kwa sababu hiyo peke yake haifai kuwekwa ndani. Kona ya pili nilikuwa nimehifadhi chupa ya asidi, na mvuke wa asidi hauna huruma na chuma kilichosuguliwa. Iondolewe kabisa.

Nilibomoa sakafu yote. Mashine ilitolewa nje ikafunikwa, nikachimba, nikaweka tabaka la kokoto zilizoshindiliwa, juu yake karatasi nzito ya nailoni isiyo na mpasuko, kisha wavu wa chuma, kisha zege la unene wa milimita 150 pale itakapokaa mashine na milimita 100 kwingineko. Ile nailoni ni kitu kidogo ambacho wengi hukiruka, nao ndio wanaoshangaa baadaye, kwa sababu udongo haukomi kupandisha unyevu na zege huupitisha. Tena ukishamwaga, usiwe na haraka. Zege hupimwa nguvu yake baada ya siku 28, lakini kupata nguvu si kukauka. Sakafu ya milimita 100 huendelea kutoa maji kwa miezi kadhaa. Kipimo nilichokitumia hakina gharama: kata kipande cha nailoni angavu cha karibu nusu mita kila upande, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne pasibaki upenyo, kiache usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limegeuka rangi kuwa jeusi kuliko la pembeni, sakafu haijawa tayari. Yangu niliibandika mara tano. Mara nne nilikuta matone, na mara nne nilivumilia.

Juu, chini ya mabati, nilipigilia dari yenye kizuizi cha joto, nikaziba nyufa lakini nikaacha matundu mawili ya hewa yenye wavu. Mashine huifunika kwa kitambaa cha pamba, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu ndani, na kila nimalizapo kazi hupaka reli mafuta mepesi kabla sijazima taa.

Umeme sitausemea sana, kwa kuwa hiyo ni kazi ya fundi umeme aliyesomea. Mashine nyingi kuukuu zina mota ya njia tatu (fezi tatu) na nyumba nyingi zina umeme wa njia moja. Kipo kifaa cha kielektroniki kinachopokea umeme wa njia moja na kutoa wa njia tatu, nacho hukupa pia uwezo wa kubadili mwendo wa mota. Ikiwa bamba la mota limeandikwa 230/400 na kifaa chako kinatoa volti 230, vile vipande vya shaba ndani ya kisanduku cha mota vinapaswa kuhamishwa kutoka mpangilio wa nyota kwenda mpangilio wa pembetatu. Kwenye mota yangu vilikuwa vimeachwa kwenye nyota, nayo haikuwa na nguvu ya kukata chochote. Karakana iwe na laini yake yenyewe kutoka kwenye swichi kuu, na kila mashine iwe na waya wa ethi. Kuhusu taa, jihadhari na zinazowaka kwa kupepesa: kwenye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde taa hizo hupepesa mara 100 kila sekunde, na kuna mwendo ambao taya zinazozunguka huonekana kana kwamba zimesimama. Mkono unaweza kudanganyika hapo.

Mwezi uliopita, baada ya mashine kukaa kwenye sakafu mpya na miguu yake kusawazishwa kwa vipande vyembamba vya bati, nilifanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilishika nondo nene ya milimita 40 kwenye taya, ikitokeza milimita 150 bila kuegemezwa mkiani, nikaacha pete mbili, yaani sehemu mbili fupi zilizo nene kuliko katikati, moja karibu na taya na moja mwishoni, kisha nikazipitisha kisu zote mbili kwa mkato mwepesi bila kugusa kipimo cha kina cha kisu kati ya moja na nyingine. Pete ya mwisho ikitoka nene, inua mguu wa mbele wa upande wa mkiani kidogo sana. Ikitoka nyembamba, ushushe. Nilirudia mara sita. Kabla ya kupima mara ya mwisho nilisubiri nondo ipoe, kwa kuwa chuma cha milimita 100 kikiongezeka joto nyuzi 10 hurefuka karibu milimita 0.011, na ndiyo maana vipimo vya ufundi huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Nilifunga maikromita, kifaa cha kupimia unene, kwenye pete ya kwanza, kisha ya pili. Tofauti haikufika hata 0.01. Nikapima tena. Nikamwita mke wangu aje asome mwenyewe, naye akasoma namba ileile mara mbili.

Mikono ilikuwa ni hiihii iliyoambiwa haikuumbiwa chuma, na mashine ilikuwa ni ileile yenye reli zilizolika. Nisifiche kwamba kulika kule kungali kwaonekana kwenye kazi ndefu, lakini kwenye kazi fupi, ambazo ndizo nyingi, kilichobadilika ni kilichokuwa chini ya miguu yake tu. Ndugu zangu mnaoota karakana, nawasihi msinunue mashine ili kujipa moyo wa kujenga. Mtu akishaiona mashine uani hawezi kungoja. Ataiweka juu ya chochote, na chochote kitamwadhibu. Sakafu kwanza. Paa na dari baada yake, umeme na taa baada ya hapo, kisha meza nzito yenye jiliwa na tupa tatu nzuri, ukae hapo ujifunze kusawazisha uso wa chuma kwa mkono mpaka jicho na bega vielewane. Akiba yote isiishie kwenye mashine, kwani visu, vipimio, taya za ziada na vyuma vya kutobolea vinaweza kumeza kiasi kingine kama hicho. Na hata ukiwa na fedha za kununua vyote kwa siku moja, bado nasema sakafu kwanza.

Jambo la mwisho nalisema kwa ukali, na sitaomba radhi. Ufunguo wa kukazia taya usibaki kwenye taya hata kwa kufumba na kufumbua. Ukiwa umechomekwa, mkono wako uwe juu yake. Mkono ukiondoka, uondoke nao. Mashine ikiwashwa ufunguo ukiwa ndani, hurushwa kwa nguvu ya kuvunja mfupa wa uso. Glovu hazivaliwi kwenye mashine ya kukereza, mikono mirefu ya shati hukunjwa juu ya kiwiko, na nyuzi za chuma zinazotoka kwenye kisu huondolewa kwa ndoana na brashi mashine ikiwa imesimama, kamwe si kwa vidole. Miwani ya kinga nimeitundika kwenye swichi yenyewe, hivyo siwezi kuiwasha mashine bila kuishika.

Kijana yule nimemjibu jana. Sikumtajia mashine yoyote. Nimemwomba akate kipande cha nailoni nusu mita kwa nusu mita, akibandike sakafuni pande zote nne, akiache usiku kucha, kisha kesho yake ainue pembe moja na anieleze alichokiona chini yake.