Jibu: Arieiro hadi Ruivo, mtu wa Goma ajiandae vipi?

Ndugu, unauliza kama mtu wa Goma anaiweza njia ya miguu kutoka kilele cha Pico do Arieiro hadi kilele cha Pico Ruivo, kule Madeira, kisiwa cha Ureno. Urefu usikutishe: Ruivo ina mita 1,862, na sisi huku tunalala karibu mita 1,500. Shida iko kwenye ngazi. Unashuka sana, unapanda tena, na kurudi ni vilevile. Magoti ndiyo yatalia. Panda Mlima Goma asubuhi ukiwa na maji mgongoni, kisha ushuke polepole, kushuka ndiko kunakofundisha. Viatu vipya vivae sasa, vikuzoee kwenye mawe yetu ya volkeno. Beba tochi (kuna mahandaki yenye giza) na koti la upepo. Kabla ya kulipa tiketi, ulizia kama njia iko wazi. Moto wa 2024 uliifunga.