Bwawa linageuka kijani kila Jumanne: je, klorini ni feki?

Swali: Tumenunua nyumba Mtwapa yenye bwawa la kuogelea, mita 8 kwa 4, upande mmoja kina ni mita 1, mwingine mita 2. Maji ni ya kisima chetu. Kila Jumamosi mchana kijana anayetunza bustani humwaga vikombe viwili vya klorini ya unga, lakini ikifika Jumanne maji yameshaanza ukijani, na watoto hutoka macho mekundu. Pampu tunaiwasha kwa muda wa saa 2 tu kwa siku kwa ajili ya bili ya umeme. Fundi asema klorini ni feki, tumwage maji yote tuanze upya. Ushauri wako?

Jibu: Msimwage maji. Na klorini yenu huenda haina kosa lolote; inatiwa wakati mbaya, kwenye maji yasiyopimwa.

Kwanza saa ya kutia. Klorini ya unga haina kinga dhidi ya jua. Ukiitia mchana wa Pwani, nusu yake hupotea kabla ya saa moja kupita, na magharibi ikiingia hujabakiwa na kitu cha maana. Itieni saa kumi na mbili jioni ifanye kazi usiku kucha. Pia kuna asidi ya sayanuriki, dawa inayoikinga klorini na jua. Kiwango chake ni miligramu 30 hadi 50 kwa lita, na kwenu kilo 1 na nusu hivi yatosha kuanzia. Haipotei isipokuwa maji yakitolewa, basi msiirudie kila wiki. Vidonge vikubwa vya klorini vingi tayari vimechanganywa nayo. Mkitumia hivyo miezi na miezi, itazidi hadi klorini yenyewe ilemae.

La pili ndilo ninalolishuku zaidi: kisima. Ardhi ya huko ni mawe ya matumbawe, na maji yake huja na chokaa nyingi. Maji ya namna hiyo huwa yanapandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji: ikipanda, uasidi umepungua), na klorini ya unga nayo huipandisha. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iliyomo ina nguvu ya kuua vijidudu na mwani, yaani huo ukijani. Ikifika 8, ni kama robo tu. Yaani mnaweza kununua dawa halali kabisa, mkaitia kwa kipimo sahihi, na robo tatu yake ikakaa bure.

Kwa hiyo kabla ya kopo jingine la klorini, nunueni kifaa cha kupimia, cha matone au cha vijiti vinavyobadilika rangi. pH iwe kati ya 7.2 na 7.6. Ikiwa juu, teremsheni kwa asidi ya haidrokloriki inayouzwa kwa ajili ya mabwawa: nusu lita kwa mara moja, asidi itiwe ndani ya ndoo ya maji (kamwe si maji juu ya asidi), imwagwe taratibu upande wa kina pampu ikizunguka. Subirini kwa muda wa saa 4, pimeni tena. Huyo kijana apewe glavu na miwani. Asidi na klorini zisikae stoo moja wala kupita ndoo moja, maana zikikutana hutoa gesi ya sumu. Aina mbili tofauti za klorini nazo msizichanganye, zaweza kulipuka.

Sasa hesabu. Kina cha wastani ni mita 1.5, basi 8 × 4 × 1.5 ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Unga wenye nguvu ya asilimia 65, gramu 75 zake hupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita. Bwawa la nyumbani lahitaji 1 hadi 3, kila siku, wala si Jumamosi tu. Kwa ukijani uliopo, sugueni kuta na sakafu kwa brashi, kisha jioni koroga gramu 750 kwenye ndoo ya maji, mwagia bwawa zima, na pampu ilale inafanya kazi. Asubuhi osheni chujio. Ukijani ukibaki, rudieni jioni.

Macho mekundu, pamoja na ile harufu kali ambayo wengi hudhani ni klorini kuzidi, mara nyingi ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Dawa yake ni klorini zaidi, si kidogo.

Kuhusu pampu, naelewa bili. Lakini pampu ya kawaida ya bwawa la ukubwa huo husukuma kama mita za ujazo 8 kwa saa. Kwa saa 2 ni theluthi tu ya maji yenu. Saa 6 ndiyo chini kabisa.

Mtaambiwa pia mtie mrututu. Huua mwani kweli, ila ni shaba, na ikizidi huacha madoa ukutani. Shabu sina ugomvi nayo kwa maji yaliyobaki na ukungu: itieni, zimeni pampu usiku, asubuhi fyonzeni tope moja kwa moja hadi nje bila kupitia chujio.

Ama kumwaga maji yote, mtajaza tena yale yale ya kisima. Na msimu wa masika, maji ya ardhini yakipanda, bwawa tupu laweza kuinuliwa au kupasuka.

Watoto wasirudi majini mpaka klorini ishuke hadi 3 au chini yake, na mtu aliyesimama ukingoni aone vizuri tundu la kutolea maji kwenye kina cha mita 2.